Mlango wa Shangazi

Kambini tulikuwa na kadi moja ya posho kwa watu saba, na kadi hiyo ilikaa mfukoni mwa kaka yangu Gatsinzi. Baba alikuwa amekufa, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Siku ya kugawiwa mahindi na mafuta alisimama mbele, sisi nyuma yake na magunia. Kwa hiyo tulipofika Louisville, na kila mtu akapewa kadi yake ya soshol, ile ya serikali yenye namba ya kuombea kazi na mikopo, namba yake peke yake, tulifanya lile tulilolizoea. Tulizikusanya zote tukampa Gatsinzi azitunze. Mama mmoja wa ofisi ya wakimbizi alituonya kila mtu aifiche ya kwake. Tulimsikia, lakini tulidhani anasema juu ya wezi wa nje.

Miaka ikapita. Mama alibaki Louisville na mdogo wetu wa kiume. Gatsinzi alihamia Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, kwenye kazi za maghala. Mimi na mume wangu tulikwenda Buffalo, na huko nilimzika. Nikaendelea kupanga ghorofa ya chini ya nyumba moja karibu na barabara ya Bailey. Mwenye nyumba ni mzee aliyechoka na theluji. Majira ya baridi yaliyopita aliniambia anataka kuuza ahamie kwa binti yake, na kwamba angeniuzia mimi kabla ya mtu mwingine, maana mimi ndiye ninayezimwagia ngazi zake chumvi ya kuyeyusha barafu bila kuombwa. Angenisubiri mpaka majani ya miti yaanguke, kabla ya baridi nyingine.

Niliitaka nyumba ile. Tangu tulipokimbia kule milimani sijawahi kulala mahali ambapo mtu hawezi kuniambia ondoka.

Nilikwenda benki. Dada wa benki alitazama kompyuta yake, akaniambia kwa upole kwamba haiwezekani, kuna gari ambalo sikulilipia.

"Gari gani?" nilimuuliza. "Mimi napanda basi."

Kazini, nyumba ya wazee ambako nafanya usiku na mchana kwa zamu, nilimweleza Chimène wakati tunakunja mashuka. Chimène ni mtu wa Bukavu, mdomo wake haupumziki.

"Bon, dada, kwanza usimupe mutu feza," alisema. "Kuko bale banasemaka banasafisha jina. Banasafisha mufuko yako tu! Mimi nilipata moja wa ku redio, sauti tamu kama ya pasta wa ku kanisa. Alikula feza yangu, na jina ikabakia na uchafu yake."

"Sasa niende wapi?"

"Kuko ba bure, banashauriaka batu juu ya madeni. Association tu, haitafute faida. Lakini uchunge, bale ba bongo, ba kudanganya batu, nabo banajiita bure."

Nilikwenda maktaba. Mkutubi aliniandikia kwenye kikaratasi maswali ya kuuliza kabla ya kumwamini mtu: je, ninyi ni shirika lisilotafuta faida? Mazungumzo ya kwanza ni bure kabisa? Mtatazama mapato na matumizi yangu kabla ya kuniambia nisaini chochote? Nilipiga simu mbili. Wa kwanza aliniomba namba ya kadi ya benki kabla hajaniuliza jina. Nikamshukuru, nikakata. Wa pili aliniuliza, "Unataka mkalimani wa lugha gani?" Nikajua hapo naweza kukaa.

Waliniambia nijiandae. Nilete hati za mshahara, bili za gesi na umeme, kodi ya nyumba, matumizi yote ya mwezi, na ripoti za krediti kutoka zile kampuni tatu zinazoandika historia ya madeni ya kila mtu. Ripoti hizo ni bure, mtu huziomba mwenyewe. Mkutubi alinionyesha tovuti yenyewe, akanionya juu ya zile zinazofanana nayo. Nilikaa mbele ya kompyuta ya maktaba nikazisoma pole pole, neno ambalo silijui nikiliandika pembeni ili nilitafute.

Gari lilikuwa pale kwa jina langu. Na chini yake kulikuwa na anwani ya mtu aliyelinunua, Reynoldsburg. Nyumba ile naijua. Nimekula Krismasi pale.

Na gari lenyewe nililijua. Jeupe, viti vya ngozi. Nililipanda siku tuliyokwenda msiba wa mjomba wetu. Nilimshukuru kaka kwa lifti, naye akanichangisha mafuta.

Sikulia. Nilikunja zile karatasi, nikarudisha kiti mahali pake, nikapanda basi la Bailey. Njia nzima niliona kitu kimoja tu: mkono wa Gatsinzi ukipokea pesa zangu za mafuta, akizihesabu, akiziweka mfukoni, akisema, "Mungu akubariki, dada."

Siku ya ushauri nilifika na kila kitu nimekipanga kwa mpangilio. Mshauri alikuwa mama wa makamo, mkalimani alikuwa Mkenya kwenye simu. Mshauri alisoma matumizi yangu mstari kwa mstari mpaka akasita kwenye mmoja.

"Hii michango ni nini? Kila mwezi ipo. Msiba, harusi, msiba. Inaweza kupunguzwa?"

"Mwambie," nilimwambia mkalimani, "hiyo ikiondoka, nani atanizika?"

Mkalimani alicheka kwanza ndipo akatafsiri. Mshauri hakucheka. Aliutazama ule mstari, akauacha.

Kisha akafika kwenye gari. "Unamjua aliyefanya hivi?"

Nilianza kuzipanga upya zile bili. Alinisubiri bila kunisukuma, halafu akaeleza. Nikianza kulilipia, wanaweza kuhesabu kwamba nimekubali ni langu. Nikisema si langu, kuna taarifa ya wizi wa jina kwenye tovuti ya serikali. Naijaza mwenyewe kwa kiapo, na inauliza kama namjua mtu huyo. Ikishatumwa, zile kampuni zinapaswa kulizuia deni hilo lisiendelee kuhesabiwa kwangu, na mkopeshaji atamtafuta mwenye gari.

"Atafanywa nini?" niliuliza.

"Hilo haliko mikononi mwangu. Sitakuambia uchague lipi. Nakuambia tu kila njia inaishia wapi."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Niliijaza taarifa pale pale, yeye akinionyesha, mpaka kwenye jina. Niliandika jina la kaka yangu, nikaihifadhi bila kuituma. Nilitaka kwanza nimsikie.

Nilimpigia jioni hiyo. Hakukana.

"Dada, wewe hata kuendesha hujui," alisema huku anatafuna kitu. "Jina lako lilikuwa limekaa bure. Mimi nimelifanyisha kazi."

"Umelifanyisha kazi, ukaliacha na deni."

"Ghala lilipunguza watu, ningefanyaje? Nitalipa. Kwani tumeanza leo? Sisi ni kadi moja, Rakeli. Umesahau mahindi niliyokuletea?"

"Mahindi yale yalikuwa yangu. Wewe uliyabeba tu."

Alicheka sana. "Ee! Buffalo imekufundisha kuhesabu!"

Alipoona sicheki, alikimbilia kwa wazee. Baada ya siku chache wakaniita kwenye kikao cha simu, watu wa Columbus, wa Louisville na mimi. Mzee Cyubahiro, ndugu wa baba, ndiye aliyeongoza. Mama alikuwepo, nilimsikia akikohoa.

"Damu haipelekwi polisi, binti yangu," alisema Mzee Cyubahiro. "Na huyu mtoto Uwera anaolewa mwezi wa tano. Utamwaibisha baba yake mbele ya wakwe? Subiri mpaka baada ya harusi."

"Baada ya harusi, mzee?"

"Baada ya harusi."

"Wote mmesikia? Nisubiri mpaka baada ya harusi."

Wote wakasema wamesikia. Mzee alifurahi kuona kwamba ningali na adabu. Walidhani harusi ni maji, kwamba yakishapita juu ya jambo hili, litakuwa limezama. Mimi nililipokea neno lao kama lilivyo. Nikaweka simu chini, nikapika ugali, nikala vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya maktaba. Maana Uwera ni binti wa Gatsinzi, na mimi ndiye shangazi yake pekee. Kwetu bibi harusi huketi na shangazi yake katika chumba ambacho hakuna mwanaume anayeingia, hata baba. Humo shangazi humfundisha anayotaka kumfundisha, na yeye ndiye anayemtoa mbele ya wakwe.

Nilikwenda kwa basi, Cleveland halafu Columbus. Gatsinzi alikuja kunipokea stesheni na lile gari jeupe.

"Funga mkanda, dada," alisema.

Nilifunga mkanda wa gari langu. Nikamuuliza habari za watoto.

Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa huko Gahanna. Bwana harusi, Bonheur, anatoka Louisville. Watu wake ni wa Bukavu, kwa hiyo mambo yote yalikwenda kwa Kiswahili, ili wote tucheke pamoja. Mimi na bibi harusi tulipewa chumba cha watoto wa shule ya Jumapili. Uwera alikaa na mshanana wake, vazi letu la kujitanda begani, kwenye kiti kidogo cha plastiki, magoti yamemfika kidevuni. Kioo cha mlango kilikuwa kimezibwa na mchoro wa safina wenye twiga wawili wa rangi ya kijani.

Ukumbini wanaume walikuwa wameanza mzaha wa ng'ombe wa mahari, ambao siku hizi ni bahasha ya pesa. Msemaji wa wakwe, Mzee Bagula, sauti yake ilipita ukuta.

"Ng'ombe zetu zimetoka Louisville na miguu! Ziko na njaa! Mutuambie kama muko na majani, ao tuzirudishe!"

Nilimfundisha Uwera yale niliyofundishwa. Jinsi ya kukaa na mama mkwe. Jinsi ya kunyamaza, na lini kutonyamaza. Aliinamisha kichwa, akisema, "Ndiyo, Shangazi." Kisha nikamwambia:

"Kuna jambo moja ambalo shangazi zangu hawakunifundisha, kwa sababu kwao halikuwepo. Una simu?"

"Ninayo."

"Kadi yako ya soshol nani anaitunza?"

"Baba."

"Fungua mahali nitakapokuambia."

Sitasema kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya mtoto tu. Nilikuwa na hofu naye, ndiyo. Lakini pia nilitaka Gatsinzi aangaliwe na macho ambayo hawezi kuyachekea.

Ripoti ilifunguka. Uwera alisoma. Laini za simu ambazo hakuwahi kuzishika. Kochi na kitanda kutoka duka la fanicha, vilivyochukuliwa mwaka aliomaliza shule, vikaachwa bila kulipwa. Kochi lile alikuwa amelikalia asubuhi hiyo akifungwa nywele.

Alianza kusema kwa Kiingereza, kama wanavyofanya hawa watoto wakikasirika, haraka haraka. Nilishika maneno machache tu. Halafu akarudi kwenye Kiswahili ili niumie naye.

"Shangazi, mimi na Bonheur tulinyimwa nyumba ya kupanga Louisville. Mara mbili! Bonheur alidhani kosa ni lake. Mama yake amemsema miezi yote, anamwambia hajui kujipanga. Na Baba alikuwa anakaa pale, anamwambia, 'Kijana, jifunze kutunza jina lako.' Alimwambia hivyo mezani!"

"Nimekusikia."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua la kwangu. La kwako nililiogopa."

Alifuta uso kwa kiganja, poda ikatoka. "Nifanye nini?"

"Kwanza ukae. Mimi ndiye ninayekutoa, na sijakuambia usimame."

Nje ng'ombe walikuwa wamekubaliwa, watu wakapiga makofi. Mzee Bagula akaomba waonyeshwe bibi harusi. Wimbo ukaanza. Ukaisha. Ukaanza tena.

Ikagongwa hodi. Ilikuwa sauti ya Gatsinzi.

"Rakeli! Wakwe wamesimama. Mtoe mtoto."

"Bado namfundisha."

"Unamfundisha nini saa yote hii? Kurusha ndege?"

"Namfundisha kusoma."

Nadhani alielewa hapo, maana alipozungumza tena sauti ilikuwa chini, mdomo umekaribia mlango. "Dada. Usinifanyie hivi leo. Nakuomba."

"Baba," Uwera alisema, "kochi ni la nani?"

Nilisikia viatu vyake vikiondoka. Kitasa hakukigusa. Hilo namhesabia, mila aliiheshimu. Baadaye ilikuja fimbo ya Mzee Cyubahiro, tok, tok.

"Binti yangu. Nilikuambia usubiri."

"Nasubiri, mzee. Sijapeleka kitu popote."

"Sasa unataka nini? Ng'ombe? Tuchukue katika hizi zilizotolewa, tulipe deni lako na la mtoto, tuimbe."

"Hapana. Nikilipa, nimesema ni langu. Nataka aseme yeye, mbele ya wakwe, alichofanya na majina yetu. Langu na la binti yake. Akishasema, nitafungua."

"Utamuua kaka yako kwa aibu."

"Mzee, Bonheur amebeba aibu hiyo miezi yote. Bado yuko hai."

Fimbo iligonga sakafu mara moja, kisha ikaondoka. Ukumbini sauti zilishuka. Nilisikia Mzee Bagula akiuliza, "Donc, bibi arusi amepotea? Turudishe ng'ombe?" na watu wakacheka kidogo, kwa wasiwasi.

Kisha Gatsinzi akasema. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini ukumbi mzima ulikuwa unamsikiliza. Alisema alinunua gari kwa jina la dada yake bila kumwambia. Alisema alichukua vitu vya nyumba kwa jina la mtoto wake. Alisema nyumba za Louisville walinyimwa kwa sababu yake, na kijana Bonheur hana kosa.

Nilikuwa nimeingoja sauti hiyo tangu siku ya maktaba. Niliisikiliza yote mpaka mwisho. Ilikuwa tamu, na sikuona haya kwamba ilikuwa tamu.

"Simama," nilimwambia Uwera. Nikampaka poda upya, nikamnyoosha mshanana begani, nikafungua mlango.

Watu walisimama. Uwera alipita mbele ya baba yake bila kugeuka, akaenda kusimama karibu na mama yake Bonheur. Yule mama alimshika mkono, akamvuta mwanawe kwa mkono mwingine, akampapasa kichwa mbele ya wote kama mtoto mdogo. Mzee Bagula, Mungu ambariki, alikohoa akasema, "Bon! Majani tumeona iko. Ng'ombe zinakaa." Ngoma ikapigwa. Tulicheza mpaka miguu ikauma.

Asubuhi iliyofuata, baada ya ibada, tulikaa nyumbani kwa Gatsinzi tukila mabaki. Wageni wa Louisville walikuwa wameondoka na bibi harusi. Mzee Cyubahiro alikuwepo, ameegemea kwenye lile kochi.

Gatsinzi alinimiminia chai kwa mkono wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umenipiga, dada," alisema. "Mbele ya watu wa miji mitatu. Nimekubali. Nilistahili. Sasa yamekwisha."

"Wamefika Louisville salama?"

"Wamefika. Bonheur amepiga simu."

"Kwa hiyo harusi imekwisha?"

"Imekwisha, namshukuru Mungu."

Nilimgeukia Mzee Cyubahiro. "Mzee, imekwisha?"

"Imekwisha, binti yangu," alisema, na katikati ya neno niliona uso wake ukibadilika. Alikumbuka alichoniambia.

Nilitoa simu kwenye mkoba. Taarifa ilikuwa pale nilipoiacha, imejazwa, jina limeandikwa. Nilibonyeza kutuma.

"Rakeli," alisema Gatsinzi. "Nilisema. Uliniambia niseme, nikasema."

"Niliahidi kufungua mlango, nikafungua. Wazee waliniambia nisubiri baada ya harusi, nikasubiri. Hakuna niliyemdanganya."

Alikaa chini. Hakupaza sauti, wala mimi. Chai niliimaliza, kwa sababu ilikuwa nzuri na njia ni ndefu. Aliponiuliza, kwa mazoea tu, nani atanipeleka stesheni, nilimwambia nitaita gari la kukodi, na lile jeupe alioshe, watakuja kuliulizia.

Nikiwa Cleveland nangojea basi la pili, ujumbe wa Uwera uliingia: "Na mimi nimetuma."

Mama hapokei simu yangu. Nampigia kila Jumapili, inalia mpaka inakatika, na bado nampigia. Gari lilichukuliwa mwezi wa saba. Barua za kampuni zile tatu, kwamba deni limezuiwa, nilimpelekea mshauri, akazisoma, tukakaa tena na matumizi yangu. Mwenye nyumba ameanza kufunga vitabu vyake kwenye maboksi. Majani bado hayajaanguka, na dada wa benki amesema nirudi.

Wiki iliyopita Mzee Cyubahiro alinipigia. Gatsinzi ameitwa mahakamani, anahitaji wakili, na jamaa wanachanga, Columbus, Louisville, Buffalo, kila nyumba, kama kawaida.

"Najua ni vigumu kukuomba wewe," alisema.

"Si vigumu, mzee. Ni ndugu yangu. Nitachanga."

Alinibariki, akashangaa, akanibariki tena. Nilituma mchango wangu siku hiyo hiyo, na kwenye ujumbe niliandika ni wa nini. Kilikuwa kiasi kile kile alichonichangisha kaka yangu siku ya msiba wa mjomba, na niliandika: mafuta ya gari.